Sahihi ya Pili

Gachoka,
3 Februari 1986

Mpenzi Mama Karambu,

Nimefika, na mwili wote uko pamoja isipokuwa koo, ambalo limejaa vumbi la kutoka Embu mjini mpaka hapa. Huko Kanyakine najua mmejifunika blanketi mbili. Mimi hapa hata shati naliona mzigo.

Kambi yetu iko juu kidogo ya soko la Gachoka. Kuna mahema matatu, ghala la mabati na helikopta moja. Kazi yake ni kubeba nyaya na vyuma vya nguzo za umeme mpaka kwenye vilima ambako lori haliwezi kupanda, maana laini inajengwa kutoka kwenye bwawa la kuzalisha umeme. Rubani ni mmoja, anaitwa Idrisi, mtoto wa mwenye bucha pale Majengo, Meru mjini. Mafundi tuko wawili. Wa pili ni mimi. Wa kwanza, na mkubwa wangu, ni baba yako.

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Nairobi waliniambia nitamkuta fundi mkuu Njue, nikajipa moyo kwamba ni Njue mwingine, kwa sababu akina Njue wamejaa Embu nzima. Kumbe ni huyo huyo. Nilipomwona mlangoni mwa ghala, ovaroli limepigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, nilivua kofia haraka kuliko siku ile nilipokuja kwenu kuomba uchumba. Tukasalimiana kwa mbali, kwa heshima zote. Akaniita Baba Karambu. Jina langu halijatoka kinywani mwake mpaka leo.

Sasa sikiliza taabu yangu. Hapa injini hukaguliwa kila siku kabla rubani hajaigusa. Jua likichomoza tu, mzee anafungua kava. Anamulika tochi pale injini inapovutia hewa, atazame kama kuna jani au jiwe. Anatoa plagi ya sumaku chini ya giaboksi na kuipangusa kwa kitambaa cheupe. Akiona punje ya chuma, hata ya ukubwa wa chawa, siku hiyo hakuna kuruka, kwa sababu maana yake injini imeanza kujila. Anamwaga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo aone kama yameingia maji. Anafungua kifuniko cha tangi la oili, anapima, anaongeza ikiwa imepungua, anafunga na kubana kishikio chake. Nakuambia, Mama Karambu, inapendeza kumtazama. Hana haraka na hana mchezo.

Lakini sheria inasema akimaliza yeye, mwingine apande nyuma yake na kuangalia yote upya, kwa macho yake na kwa mkono wake. Halafu wote wawili watie sahihi kitabuni. Sahihi ya kwanza ni ya aliyefanya, ya pili ni ya aliyehakikisha. Bila hizo mbili helikopta haiondoki.

Asubuhi ya kwanza nilichukua tochi nikaweka mguu kwenye ngazi. Mzee alikuwa chini anajifuta mikono. Aligeuza uso akatazama miiba ya huko mbali, vile mtu mzima anavyogeuka akimwona mkwe wake hajavaa vizuri. Nilitazama mahali nilipo nikaona nimesimama juu ya kichwa cha baba mkwe, nikitafuta alipokosea. Mguu ulishuka wenyewe. Nikafunga kava, nikatia sahihi.

Niambie, wewe binti yake, mtu hufanyaje?

Mbusu Karambu. Mwambie babake amekuwa mweusi zaidi.

Wako,
Mwirigi


Kanyakine,
16 Februari 1986

Baba Karambu,

Barua yako niliisoma katika chumba cha walimu na Mwalimu Kaberia akaniuliza nimepatwa na nini, maana nilicheka mpaka chaki ikaanguka. Pole kwa koo. Pole zaidi kwa kofia.

Unauliza mtu hufanyaje? Mtu husimama chini, basi! Baba alikuwa akifunga injini za ndege wakati wewe ulikuwa Ruiri ukifuata mikia ya mbuzi. Umfuate nyuma na tochi umtafutie makosa? Jioni hiyo hiyo Gachoka yote itajua kwamba binti ya Njue ameolewa na mtu asiye na nthoni, asiyewaonea wakwe haya. Hilo neno la kwenu nalipenda kwa sababu sisi tunalo vilevile, kasoro herufi moja. Watoto wa kwenu darasani kwangu hawanielewi nikiongea Kimeru, na wewe Kimbeere chako ni cha kuombea msamaha, lakini hapo kwa wakwe lugha zetu zinakubaliana kabisa.

Yeye mwenyewe ameniandikia. Amesema, namnukuu: "Mume wako ni mtu wa heshima. Nilikuwa na wasiwasi, sasa sina." Tangu nizaliwe sijamsikia akimsifu mtu namna hiyo. Nimeikunja hiyo barua nikaiweka ndani ya Biblia. Usiniharibie.

Karambu ameota jino la nne na amemuuma mama yako. Majani ya chai mwezi huu ni mengi, mikono ndiyo michache. Mvua bado.

Ule vizuri. Na umwangalie baba kama anakula, kwa sababu mama anasema siku hizi anaacha chakula nusu na kusema ameshiba.

Felicitas


Gachoka,
9 Machi 1986

Mama Karambu,

Nimepata barua yako na sweta. Sweta nimelitundika ukutani liwe picha ya Kanyakine.

Kazi inaendelea. Idrisi anaruka mara nane, mara kumi kwa siku, na chuma kinaning'inia chini yake kwa kamba. Ukimwona angani unasahau kwamba ni mtu wa mizaha. Asubuhi huketi kwenye pipa na kikombe chake cha chai akitusubiri tumalize, anatupigia hadithi za wateja wa bucha ya baba yake, wale wanaotaka nyama isiyo na mfupa lakini iwe na mfupa wa supu. Mke wake Mwanatatu alijifungua mwaka jana, na kila Ijumaa akipata nafasi huenda Meru kuwaona. Namwonea wivu.

Baba yako anakula. Si sana.

Nilitaka kukuuliza, hasa ana umri gani? Nauliza tu. Hakuna jambo.

Karambu asimuume mama tena.

Wako,
Mwirigi


Kanyakine,
20 Machi 1986

Baba Karambu,

Baba ana miaka hamsini na sita kwa vyeti. Kwa hesabu ya nyanya ni hamsini na tisa, lakini hiyo usiitaje mahali popote. Kwa nini umeuliza? Mtu haulizi umri wa mkwe wake hivi hivi halafu akaandika kwamba hakuna jambo. Mimi ni mwalimu, karatasi za watoto wenye jambo nazijua.

Nijibu.

Felicitas


Gachoka,
14 Aprili 1986

Mwanangu Felicitas Ciakuthii,

Najua redio imesema. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu mkono ulikataa.

Helikopta ilianguka Jumanne tarehe nane, saa nane mchana, karibu na nguzo ya arobaini na moja. Injini ilizima akiwa chini sana na mzigo ukining'inia. Idrisi alikuwa peke yake. Alikufa hapo hapo. Mume wako ni mzima, mimi ni mzima. Tulikuwa kambini.

Tulimpeleka kwao Meru na Landrova ya kampuni, akazikwa Jumatano kabla ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi. Baba yake alinishika mkono akanishukuru kwa kumleta mtoto wake nyumbani.

Wakaguzi wa ajali wamekuja kutoka Nairobi. Wanalala hapa kambini. Usije. Mwombee yule mama aliyebaki.

Baba yako,
Njue


Gachoka,
22 Aprili 1986

Mama Karambu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nikishika kalamu naona mambo mengine.

Wakaguzi wamemaliza. Wamesema injini iliishiwa na oili ikasagika ndani. Kifuniko cha tangi kilikutwa kikining'inia kwenye mnyororo wake, kishikio hakijabanwa. Wakauliza nani alikifungua mara ya mwisho. Siku hiyo Idrisi alitua saa sita kwenye kilima kuongeza mafuta, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, na alikuwa na kopo la oili nyuma ya kiti. Lilikuwa limefunguliwa. Hakuna ajuaye lilifunguliwa lini.

Waliniita ghalani. Baba yako alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwangu. Wakaniwekea kitabu mbele. Wakauliza, "Sahihi hii ya pili ni yako?" Nikasema ndiyo. "Asubuhi hiyo uliangalia kifuniko cha oili na kishikio chake?" Nikasema ndiyo.

Basi wakaandika kwamba kwa kuwa mafundi wawili walithibitisha kifuniko kilikuwa kimefungwa asubuhi, aliyekifungua ni rubani mwenyewe, akasahau kukibana. Ripoti itatoka mwezi wa sita.

Kazi imesimama. Mimi nalinda kambi. Baba yako amekwenda kwake, ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na hajarudi.

Mwirigi


Kanyakine,
4 Mei 1986

Baba Karambu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane. Nimekaa nayo mpaka leo kwa sababu nilitaka kwanza nitulie, na sijatulia.

Jana Jumamosi nilikwenda Meru kumpa Mwanatatu pole. Nilifikiri nitakuta msiba kama misiba mingine, watu wamejaa, chai, mikeka. Nilimkuta peke yake na mamake Idrisi. Yuko edani, hatoki, na walio nje hawaingii. Nikauliza wako wapi watu. Mama mkwe wake akaniambia habari imeshafika mjini, hata kabla ya hiyo ripoti, kwamba Idrisi alijiua mwenyewe kwa uzembe. Kwamba alifungua kifuniko akasahau kukifunga, kama mtoto na chupa ya soda. Baba yake amefunga bucha. Si kwa sababu ya matanga, matanga yalikwisha. Amefunga kwa sababu kila anayekuja kununua nyama anamuuliza habari hiyo.

Mwanatatu aliniuliza jambo moja. "Mwalimu, mume wako alikuwa akifanya kazi na yeye. Kweli alikuwa mzembe?" Nilimwambia hapana. Akashika mkono wangu akalia, nami nikakaa pale na mkono wangu umeshikwa, nikijua kitu ambacho yeye hajui.

Kwa sababu najua, Baba Karambu. Uliniandikia mwenyewe tarehe tatu Februari kwamba mguu ulishuka. Sasa umewaambia wakaguzi kwamba uliangalia. Ulianza lini kuangalia? Ikiwa ulianza baada ya barua yangu, niambie, nitapiga magoti nikushukuru. Ikiwa hukuanza, basi hiyo "ndiyo" yako ya ghalani ni uongo, na uongo huo ndio uliomfungia yule mzee bucha yake.

Na swali langu la mwezi wa tatu hujanijibu. Kwa nini ulitaka kujua umri wa baba?

Sikuandikii kama mtu asiye na lawama. Mimi ndiye niliyekuambia usimame chini. Niliandika nikicheka. Nimeisoma ile barua yako mara nyingi na sasa naona ulikuwa unaniuliza swali la kweli, nami nikakujibu kwa mzaha kwa sababu nilikuwa nimefurahi kusifiwa na baba. Ile barua yake nimeitoa kwenye Biblia.

Nampenda baba yangu. Ukisema kweli atatoka kazini kwa aibu akiwa amebakisha muda mfupi, na wewe utanyang'anywa cheti chako, na sijui tutafanya nini. Nimefikiri yote hayo. Bado nataka useme. Siwezi kushikwa tena mkono vile.

Felicitas Ciakuthii


Gachoka,
10 Mei 1986

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mwendo wa saa moja kutoka kwako kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema mbele ya uso wako. Nimejaribu. Juzi nilifika mpaka kwenye ua wa mikonge nikarudi. Barua hii atakuletea Nthiga mwenye duka.

Baba, sikuangalia. Si siku ile tu. Tangu nilipofika Gachoka sijapanda hata siku moja kuangalia nyuma yako. Wewe unajua, kwa sababu ulikuwepo. Ghalani nilisema ndiyo kwa sababu ulikuwa umeketi pale, na kusema hapana ilikuwa sawa na kusema hadharani kwamba wewe huaminiki.

Kuna jambo lingine ambalo hulijui. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu ulikwenda kunywa maji nikaenda kufunga kava, na ndani nikakuta tochi yako. Ulikuwa umeisahau juu ya injini. Niliitoa nikaiweka kwenye meza yako bila kusema. Wiki iliyofuata nikakuta kitambaa. Nikakitoa pia. Nilimuuliza Felicitas umri wako, akataka kujua sababu, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nakulinda.

Idrisi aliona. Siku moja akiwa na chai yake aliniambia, "We Mwirigi, hii maneno yenu ya mkwe naijua, mimi ni mtoto wa Meru. Lakini unaogopa mzee kuliko unaogopa mimi nianguke?" Nilicheka. Yeye pia alicheka, akaweka kikombe chini akaenda kuruka.

Nataka kwenda Nairobi kwa wakaguzi kubadilisha maneno yangu. Nikienda, wewe utaulizwa. Kabla sijaenda naomba uniambie jambo moja tu. Asubuhi ile, ulikibana kile kishikio?

Nisamehe kwa kukuuliza. Naona aibu hata kuandika.

Mwirigi


Gachoka,
13 Mei 1986

Baba Karambu,

Marahaba. Nthiga amenipa barua yako na nimeisoma nje, kwenye mwanga, mara tatu.

Unauliza kama nilikibana. Sijui.

Mwezi mzima nakaa hapa chini ya ukuta naitafuta ile asubuhi. Naipata asubuhi ya Jumatatu, mafuta yalikuwa na tone la maji nikamwaga tena. Naipata ya Jumatano, kwa sababu ndiyo tuliyokwenda naye Meru. Ya Jumanne hakuna kitu. Naona mkono wangu unafunga kile kifuniko, naona vizuri sana, halafu najiuliza huu ni mkono wa siku gani? Nimefunga vifuniko vya namna hiyo tangu mwaka wa sitini na nne. Asubuhi zote zimekuwa moja. Pengine nilikibana, na Idrisi alikifungua pale kilimani. Pengine sikukibana. Nilikuwa nimeanza kusahau, hiyo ni kweli. Nilisahau jina la jirani yangu mwezi wa pili, nikamwita mzee tu. Tochi niliikuta mezani nikajua sikuiweka mimi. Nikajua ni wewe. Nikashukuru kwa kuwa hukusema. Hilo ndilo kosa langu, na mimi nalijua kuliko wakaguzi.

Mtu mmoja tu duniani angeweza kuniambia, Njue, ulifunga, au, Njue, hukufunga, rudi juu. Ni wewe. Ile sahihi ya pili haikuwekwa ili kunitukana. Iliwekwa kwa sababu mtu hawezi kujikumbuka mwenyewe. Niliwafundisha vijana hivyo miaka mingi, na wewe ulipokuja nikasahau kwa kuwa ulikuwa mkwe wangu, na nilipenda vile ulivyotazama chini. Nilipenda, usifikiri sikupenda. Nikamwandikia binti yangu kwa majivuno.

Ungepanda, ningekasirika. Ningekasirika siku moja, pengine juma zima. Ningemwandikia Ciakuthii kwamba mume wake hana adabu. Halafu ningezoea, na yule mtoto wa watu pengine angekuwa hai, au angalau tungejua kwamba si sisi. Sasa hatutajua. Umeniheshimu, na mimi nimekuheshimu, na hatutajua mpaka tufe.

Huendi Nairobi peke yako. Alhamisi nitakuwa barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Nitasema niliona unatia sahihi bila kuangalia, miezi miwili, na mimi nikiwa mkubwa wako sikukukataza. Usinitafutie maneno laini huko. Tukitoka Nairobi tutakwenda Meru kwa wenye mtoto. Ni mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo tusipewe hata maji, ni sawa.

Njue


Meru,
24 Mei 1986

Mama Karambu,

Nakuandikia kutoka posta ya hapa Meru, nimesimama, na barua nitampa dereva wa matatu ya Kanyakine akufikishie leo. Baba yako ameketi nje kwenye ngazi. Nataka ujue kutoka kwangu kabla hujasikia kwa mtu.

Nairobi tulikwenda, tukasema. Walituweka vyumba viwili tofauti, kila mmoja akaandika yake. Wamefuta ile sehemu iliyosema rubani ndiye aliyeacha kifuniko wazi. Sasa wataandika kwamba haiwezekani kujulikana, kwa sababu ukaguzi wa pili haukufanywa. Cheti changu wamekichukua hapo hapo. Cha baba yako pia. Alikitoa mwenyewe kwenye bahasha kabla hawajamwomba, kilikuwa safi kama kipya. Kuhusu kesi watatuambia. Sijui tutaishije, na leo siwezi kulifikiria hilo.

Asubuhi tulifika kwa akina Idrisi. Kaka yake, Saad, alitupokea mlangoni, akatuketisha sebuleni pamoja na baba yao. Mwanatatu alikuwa chumba cha ndani, mlango una pazia, akasema anataka kusikia mwenyewe. Tulimsikia akivuta kigoda.

Baba yako alianza. Alisema Kiswahili chake kile cha kambini, kifupi, bila kuzungusha. Alisema huenda yeye alisahau, na kama alisahau, mimi nilipaswa kuona, na sikutazama kwa sababu ni mkwe wangu. Alisema mtoto wao hakuwa mzembe na kwamba uongo ulioandikwa juu yake tumeufuta. Yule mzee alisikiliza akiwa ameshika tasbihi. Alipomaliza, mzee akasema, "Mungu amewaleta. Kesho nitafungua bucha." Hakusema kwamba ametusamehe, na sisi hatukuomba, kusema kweli. Tuliona haya kuomba.

Halafu Mwanatatu akazungumza kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alisema, "Huyu mdogo nataka kumuuliza. Hiyo kuangalia, ile hukufanya, inachukua saa ngapi?"

Nikamwambia si saa. Ni dakika sita.

Nilifikiri hakunisikia, nikataka kurudia, Saad akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Mtoto akalia kidogo huko ndani akatulizwa. Ndipo akasema, "Kila akiondoka hapa mimi nilikuwa naogopa. Yeye ananiambia, Mwanatatu, wacha woga, huko kwetu kabla sijapanda wanaangalia watu wawili."

Nitafika nyumbani kesho. Baba yako nitakuja naye.

Mwirigi